Siku moja maishani mwangu: Landrova 109 na kabureta ya Zenith

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua geti la gereji, Unga Limited hapa Arusha, mzee keshafika. Kaja na Land Rover Series III 109 ya petroli, injini ya lita 2.25. Shikamoo, marahaba, na papo hapo hukumu inatoka: "Fundi, ng'oa hii kabureta unifungie mpya." Gari alilinunua Tanga. Kule lilikuwa shwari, lakini tangu lipande huku linatoa moshi mweusi, linamisi (linarukaruka katika kuwaka), sailensa (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, na petroli linakunywa si mchezo.

Saa mbili. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, siigusi kwanza, na mzee ananitazama kama namwibia muda. Kabureta husingiziwa makosa mengi ya umeme. Kijana wangu anapima tepeti, yaani nafasi za vali, zote ziwe milimita 0.25, mimi nafungua distributa, inayogawa umeme kwa plagi. Pointi, zile zinazokata na kuunga umeme ndani yake, zimeungua na zimebanana. Nafunga mpya, nafasi milimita 0.4 hivi, kisha taimingi (wakati wa cheche) kwa taa. Kumisi kumekwisha. Moshi bado.

Saa nne. Nachomeka geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa injini, kwenye manifoldi, bomba linaloingiza hewa na petroli. Inasoma inchi 13 za zebaki, na mshale unayumba. Hapa mafundi wengi hupotea: wanasoma kitabu, kimeandikwa 18, wanasema injini imechoka. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 300 geji hupoteza takriban inchi moja. Kwa hapa, 14 ni injini nzima kabisa.

Sasa skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa kwenye sailensa. Naikaza taratibu mpaka inagota. Injini nzima inapaswa kuzimika, hii inaendelea kunguruma tu. Maana yake petroli inapita njia nyingine.

Saa tano. Sasa naishusha. Hii Zenith 36IV ina ugonjwa wake unaojulikana. Ndani, chini ya bloku inayobeba jeti (vitundu vya kupimia petroli), kuna mpira mdogo wa duara. Ukikauka, petroli inajipenyeza moja kwa moja kooni mwa kabureta hata gari likiwa limesimama. Wa mzee umekuwa mgumu kama plastiki. Nimeugusa kwa ncha ya bisibisi ukakatika vipande viwili.

Shida ya pili ni kifuniko. Mtu alikikaza kwa nguvu za kufungia tairi, kikapinda. Nakilaza juu ya kioo, namulika tochi kwa nyuma, mwanga unapita katikati. Dawa yake ni msasa mlaini uliobandikwa kwenye kioo, mafuta kidogo, na subira. Napaka uso wote wino wa kalamu, nasugua kwa mizunguko yenye umbo la tarakimu 8, nageuza, naangalia. Wino umebaki katikati? Rudi tena. Bloku nayo hivyo hivyo. Kijana alitaka kushika grainda, nikamwambia akaitundike mbali.

Jeti tunazipuliza kwa kompresa. Waya marufuku: shaba ni laini, ukiikwangua tundu linapanuka, na hapo ndipo unaponunua nyingine.

Saa saba na nusu, wali maharage. Mzee kanunua soda, hasira zimepungua.

Saa tisa. Tumefunga mpira mpya na gasketi mpya. Natoa skrubu raundi moja na nusu, nawasha, injini inapata moto, halafu naitafuta kwa robo robo: ndani inakohoa, nje inakuwa nzito, katikati geji inapanda hadi 14 na mshale unatulia. Nashusha sailensa, narudia.

Saa kumi. Tunapandisha kuelekea Ngaramtoni, gia ya tatu, mguu chini. Linavuta. Tukirudi nachomoa plagi: kahawia, siyo nyeusi ya masizi. Jeti kuu nimeiacha ile ile ingawa hewa ya huku ni nyepesi na jeti ndogo kidogo ingeokoa mafuta. Mzee hushuka Tanga mara kwa mara, na kule jeti ndogo ingelichemsha gari.

Saa kumi na moja, bei. "Mpira ule tu ndiyo pesa yote hii?" Namwonyesha kioo na msasa ulioisha. Anacheka, analipa, anapunguza elfu tano kwa lazima. Nimemwambia arudi wiki ijayo tukaze nati za chini ya kabureta, maana gasketi mpya hulala ikishapata joto. Zikazwe kwa spana fupi, na nitazikaza mwenyewe.