Kumbukumbu ya mradi: transfa ya LT230 iliyokataa L, na difu loki iliyong'ang'ania

Gari ni Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi na transfa ya LT230, yaani boksi la pili la gia linalopeleka nguvu ekseli za mbele na nyuma, lenye H (gia za kasi) na L (gia za nguvu za mwendo wa pole). Dalili zake: liva ya transfa imekaa upande wa kushoto, yaani difu ya katikati imefungwa, na hairudi kulia hata ikivutwa kwa nguvu. Mbele na nyuma inacheza kidogo tu, haifiki L. Taa ya difu loki kwenye dashibodi haiwaki. Gari likikata kona kwenye lami stelingi inakuwa nzito na tairi za mbele zinalia.

Kwanza tuelewane kuhusu loki yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. LT230 inaendesha ekseli zote mbili muda wote. Ndani yake mna difu ya katikati inayoruhusu propela (shafti ndefu iendayo kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Loki ni slivu yenye meno inayoteleza juu ya shafti ya kutokea mbele na kuishika kwenye mwili wa difu; baada ya hapo propela zote mbili zinakwenda pamoja. Difu za kwenye ekseli hazifungwi na liva hii. Loki ikiwa imeingia, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma bado yanaweza kuzunguka bure kwenye tope, na hilo si kosa la transfa.

Je, kweli imefungwa?

Taa imezimika, stelingi inasema vingine. Taa si ushahidi, kwa hiyo jibu linatafutwa kwenye chuma.

Gari liwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma. Giaboksi kuu iwe nyutro, transfa H, hendibreki imevutwa. Hendibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya transfa, kwenye propela ya nyuma. Ndiyo maana tunainua gurudumu la mbele na si la nyuma: ukiinua la nyuma wakati loki haijaingia, difu ya ekseli inaliachia lizunguke na hendibreki haikushikilii chochote. Piga jeki gurudumu moja la mbele, weka stendi chini ya ekseli, kisha lizungushe kwa mikono miwili. Likizunguka, hata kwa uzito kidogo, loki haijaingia. Likikataa na kucheza sentimita chache tu za ulegevu wa meno, loki imeingia.

Hapa gurudumu lilipoachana na sakafu lilijirusha lenyewe karibu robo mzunguko, kisha likakaa kimya bila kuzunguka tena. Majibu mawili kwa mpigo: loki imeingia, na mtambo ulikuwa umejisokota. Mikono iwe mbali na tairi wakati jeki inapanda, kwa sababu nguvu inayoachiliwa hapo inavunja kidole. Na injini isiwashwe wala gia isiingizwe gari likiwa juu ya jeki katika hali hii. Magurudumu yaliyo chini yatalisukuma gari lianguke.

Msokoto unatoka wapi

Hii ndiyo sababu namba moja ya loki kukataa kutoka, na hesabu yake inafaa kuonwa. Tairi ya 235/85R16 ina kipenyo cha karibu milimita 806, mzingo wake kama mita 2.53. Kwenye gari hili tairi za mbele ni mpya na za nyuma zimelika milimita 4 hivi zaidi. Milimita 4 za kashata (meno ya tairi) ni milimita 8 za kipenyo, yaani asilimia 1. Katika kila mita 100 za mwendo ulionyooka, magurudumu ya nyuma yanataka kuzunguka takriban mara 0.4 zaidi ya yale ya mbele. Difu ya ekseli ina uwiano wa 3.54, hivyo propela moja inataka kuipita nyingine kwa mizunguko 1.4. Loki haikubali. Kwenye changarawe tairi inateleza na deni linalipwa papo hapo. Kwenye lami haitelezi, basi shafti zinajikunja na meno ya slivu yanabanwa kiasi kwamba hakuna mkono wa mtu utakaoyatoa.

Ndani ya LT230 uma unaoisukuma slivu umekaa kwenye springi. Ukirudisha liva huku meno yamebanwa, springi inakunjika na kusubiri. Msokoto ukiisha, slivu inaruka yenyewe. Kwa gari zima linalotembea, dawa ni kurudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha stelingi, au kupeleka gurudumu moja kwenye changarawe. Liva ikihama kwa ulaini lakini taa ikachelewa kuzima, msokoto ndio wa kushukiwa. Liva isipohama kabisa hata baada ya gurudumu kuinuliwa, kama ilivyo hapa, tatizo liko kwenye viungo vya nje.

Kutenganisha liva na boksi

Hatua hii inamaliza ubishi wote, nayo hurukwa na wanaokimbilia kushusha transfa. Toa kisanduku cha katikati na kifuniko cha handaki la gia kati ya viti. Utaona liva inaingia kwenye nyumba yake juu ya transfa, na kutoka hapo fimbo fupi inakwenda mbele hadi kwenye mkono mdogo ulio juu ya nyumba ya shafti ya mbele. Mkono huo ndio unaoizungusha shafti ndogo inayosukuma uma wa loki. Chomoa spliti pini, toa pini ya fimbo, kisha jaribu kila upande peke yake.

Liva bila fimbo: ikahama kulia na kushoto, nzito lakini inahama. Mkono mdogo bila fimbo: haukutikisika. Mgonjwa amepatikana.

Tafadhali usiurefushe mkono huu kwa bomba. Shafti yake ni nyembamba na nyumba yake ni ya aluminiamu. Kitakachovunjika ni aluminiamu.

Shafti ndogo iliyoshikwa na kutu

Chuma kikikaa ndani ya aluminiamu bila kusogezwa, na tope na maji vikapita juu ya oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), unga mweupe hujengeka kati yao. Unga huo una ujazo mkubwa kuliko metali iliyouzaa, kwa hiyo unaibana shafti kutoka pande zote. Ukungu mweupe ukionekana kuzunguka shina la mkono, huna haja ya kutafuta zaidi.

Safisha eneo lote kwa brashi ya waya na kisafishio cha breki kabla ya kufungua chochote, maana uchafu ukidondokea ndani unakwenda moja kwa moja kwenye gia. Mwaga mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina, yaache usiku kucha, rudia. Ikibidi, pasha nyumba kwa bunduki ya hewa moto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo joto la wastani linafungua nafasi. Usitumie moto wa gesi hapo. Mipira ya breki na bomba za dizeli ziko karibu, na mafuta uliyomwaga yanawaka.

Sogeza mkono kwa milimita, mbele na nyuma, si kwa kuulazimisha upande mmoja. Kila ukisogea, ongeza mafuta. Ulipofika mwendo wake wote, tulifungua boliti za kinyumba cha mkono na kukitoa kizima. Shafti ilisuguliwa kwa msasa namba 600 uliolowa mafuta mpaka rangi ya kahawia ikaisha. Tundu la aluminiamu lisisuguliwe kwa msasa: likipanuka litavuja daima. Funga kitambaa kwenye kijiti, zungusha, basi. Mfereji wa oringi ukwanguliwe kwa kijiti cha mbao mpaka unga wote utoke, la sivyo oringi mpya itakaa juu ya vumbi na kuvuja. Oringi mpya, grisi kidogo, rudisha.

Kwa wale watakaokuta mkono uko huru lakini slivu haisogei: kazi inahamia ndani. Mwaga oili, toa propela ya mbele (nati zake ni spana ya 9/16), fungua nyumba ya shafti ya mbele na uangalie ncha za uma, springi yake, na meno ya slivu kama yana vikunjo. Boliti za nyumba hiyo si zote za urefu mmoja, ziweke kwenye kadibodi kwa mpangilio wake. Zinarudi kwa Nm 25 zikiwa na gundi ya kuzibia kwenye nyuzi, na nati za propela ziwe mpya, Nm 47. Pembeni kuna kizibo kinachoshikilia springi na gololi ya kukamatia shafti ya uma. Pima kina chake kabla ya kukifungua. Kikikazwa mpaka mwisho springi inajaa, gololi inakosa pa kurudi, na loki inakwama upya kwa mikono yako mwenyewe.

L

Huku kulikuwa na mambo mawili. Kichwa cha duara cha liva kilikuwa kikavu kabisa, grisi imegeuka udongo. Kusafisha na kupaka grisi mpya kulirudisha nusu ya mwendo.

Nusu nyingine ilikuwa kwenye urefu wa fimbo ya H na L. Ilikuwa imerekebishwa ili H iingie vizuri, na L ikabaki bila nafasi ya kufika. Namna ya kuipima: toa pini, ingiza shafti ya boksi kwenye L kwa mkono mpaka usikie gololi inakamata, weka liva mahali pake pa L, kisha tazama tundu la fimbo na tundu la shafti. Pini ipite bila kusukuma wala kuvuta. Rudia kwa H. Mwendo ukigawanyika sawa pande zote mbili, kaza nati ya fimbo. Transfa inayoruka kutoka L gari likishuka mlima mara nyingi ina ugonjwa huu huu, na kwa uwiano wa 3.32 dhidi ya 1.41 wa H, kupoteza L mteremkoni ni kupoteza breki ya injini yote.

Taa

Waya wa swichi ulikuwa umeoza kwenye kiungio. Baada ya kuutengeneza, swichi ilirekebishwa hivi: ingiza loki na uhakikishe kwa gurudumu lililoinuliwa, washa swichi ya gari, skrubu swichi ya taa ndani polepole mpaka taa iwake, ongeza nusu mzunguko, kaza nati yake. Ikiingizwa kupita hapo, taa inawaka hata loki ikiwa nje.

Oili na majaribio

Fungua kizibo cha kujazia kwanza, cha kumwagia baadaye. Kizibo cha kujazia kikigoma wakati boksi ni tupu, gari halitoki. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, na chini ya bakuli mlikuwa na tope laini la kijivu. Tope ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kati ya vidole si kawaida, na vingetulazimisha kufungua. Havikuwepo, kwa hiyo boksi halikufunguliwa. Iliwekwa 80W-90. Inaingia kama lita 2.3, ila kipimo cha kweli ni oili kuanza kutiririka kwenye tundu la kizibo gari likiwa limekaa sawa.

Jaribio la gurudumu lilirudiwa: loki nje, linazunguka, loki ndani, linagoma na taa inawaka. Kisha changarawe, mwendo wa pole, stelingi imenyooka: ingia, toka, ingia, toka. L iliingia gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa. Meno yasipokutana, ingiza gia ya kwanza, achia klachi kidogo, kanyaga tena, halafu jaribu liva.

Kilichobaki: tairi za nyuma zibadilishwe zilingane na za mbele, na unyevu wa oili ulioonekana kwenye ncha ya shafti ya kati ufuatiliwe. Oringi ya hapo inajulikana kwa kuvuja, na inabadilishwa bila kushusha boksi lote.