Sinia letu na sukari ya mama

Nyumbani kwetu Wete tunakula sinia moja watu sita, na sitaki mtu aniambie tuache. Ila mama alipokutwa na sukari aliambiwa "punguza wali", basi, hakuambiwa apunguze kutoka ngapi mpaka ngapi, na kwenye sinia nani anajua kala kiasi gani? Unamaliza mbele yako, mwenzio anakusogezea kwa mapenzi, kula bwana, unaanza tena.

Siku moja nikampakulia pembeni kile anachokula siku zote, nikakipima kwa kikombe. Vikombe vitatu na nusu! Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina kama gramu 45 za wanga, yaani kile kinachogeuka sukari mwilini, hesabuni wenyewe. Na mchuzi wa siku ile ulikuwa wa samaki na mbatata, sie mbatata tunazihesabu kitoweo, kumbe ni wanga ule ule, na muhogo hivo hivo, na ndizi mbichi hivo hivo. Hilo lilinishtua kuliko wali wenyewe.

Sasa sinia ni lile lile ila upande wa mama tunaupanga kabla hatujakaa: nusu mchicha au kisamvu na kachumbari, wali kiasi cha ngumi yake, samaki kiasi cha kiganja bila vidole. Ngumi yake yeye, si yangu, maana mkono wa kila mtu unakwenda na mwili wake. Tui tumelipunguza pia, lile zito tunabakisha la Ijumaa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, saa kumi jioni njaa inamuuma anatafuta andazi. Tukabadilisha, anaanza na mboga na samaki, wali mwisho, na hapo akaanza kushiba kweli. Na jamani kama mzee wako anachoma sindano au anakunywa vidonge vya sukari msimkatie chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka, muulizeni daktari kwanza, nawaomba sana.

Juzi shangazi kaja kutoka Mkoani, tumekaa tunakula, akaanza kumsogezea wali kama kawaida yake. Mama akauzuia kwa mkono, akasema "wangu huu hapa wifi yangu, nisogezee mchicha".