Jinsi nilivyopata tairi na rimu za majira ya baridi kwa gari langu dogo

Gari langu lilikuja na tairi za kiangazi za kipimo cha 225/45R17 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi), ambazo halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira wake hukakamaa na kuanza kuteleza, hata kama theluji haijaanguka. Kwa majira ya baridi nilichagua 195/65R15, kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 634 hivi, sawa na cha awali, na kwa hiyo spidomita haibadiliki. Nilihakikisha kwanza kuwa rimu ya inchi 15 haigusi breki za mbele, na kwamba kila tairi ina alama ya mlima wa vilele vitatu yenye chembe ya theluji. Kwangu mimi, herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake hazitoshi.

Hata hivyo, nilipofika kilomita 90 kwa saa usukani ulitetemeka mikononi, na kusawazisha magurudumu upya hakukusaidia. Nilipovua rimu moja niligundua kuwa tundu lake la katikati lina milimita 73.1, ilhali kitovu cha gari, yaani sehemu ambayo gurudumu huvishwa, kina 64.1, yaani gurudumu lilikuwa likishikiliwa na nati tu. Nilisafisha kutu, nikavisha pete za plastiki za vipimo hivyo viwili ili kuziba pengo hilo, nikakaza nati kwa kupishana gurudumu likiwa bado juu, na mtetemo ukaisha kabisa.