Kumbukumbu ya mradi: kusoma mwaka kwenye dinari za Wafatimiya

Upimaji wa uzito umekwisha, na sasa nimefikia sehemu niliyoingojea tangu mwanzo, yaani kusoma mwaka kwenye dinari, sarafu za dhahabu za Wafatimiya, ukoo wa makhalifa waliotawala Misri. Upimaji haukuwa mgumu: sonara mmoja hapa Lamu aliniruhusu kutumia mizani yake, na dinari ya gramu 4.2 ikining'inizwa majini kwa uzi husukuma maji ya takriban gramu 0.22 ikiwa ni dhahabu safi, ilhali shaba iliyopakwa dhahabu, yenye uzito uleule, husukuma zaidi ya mara mbili ya hayo.

Mwaka una ugumu wake. Hauandikwi kwa tarakimu bali kwa maneno ya Kiarabu, yakianza mamoja, kisha makumi, kisha mamia, tena kwa Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, isiyo na nukta. Aliyesoma chuo cha Kurani atalitambua tatizo mara moja: sab'a (saba) na tis'a (tisa) zikiondolewa nukta hubaki na meno yaleyale, yaani vijino vya herufi, kabla ya herufi ayn, na sabini na tisini hali kadhalika. Kwa hiyo 375 Hijria yaweza kusomwa 395, ambao ni umbali wa miaka ishirini. Hapo huamua jina la mtawala, kwani al-Aziz alitawala kuanzia 365 hadi 386, na al-Hakim akamfuatia hadi 411. Kwa al-Mustansir (427 hadi 487), jina halitenganishi 447 na 449. Isipokuwa mchongaji awe amerefusha jino la herufi be au la te, miaka yote miwili huingia daftarini.

Naushikilia uangalifu huu kwa sababu ya pwani yetu. Katika hazina iliyopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, sarafu nyingi za fedha zilizotengenezwa hapa pwani hazina mwaka wowote. Dinari chache za Wafatimiya zilizokuwa pamoja nazo ndizo zinazosaidia kukadiria umri wa nyingine zote.

Mimi husoma sarafu zenye hati za umiliki na picha za makumbusho tu. Kinachookotwa kwenye magofu ya Shanga au Manda hupaswa kuripotiwa Makumbusho ya Taifa kwa sheria ya 2006, na naiunga mkono kwa dhati, maana sarafu iliyoondolewa mahali ilipolala hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Hatua inayofuata ni kuzipiga picha upya dinari za al-Mustansir kwa mwanga wa ubavuni, ili meno yaonekane, kisha nirudie kila mwaka wenye saba au tisa.