Nilivyofika kwenye kipaza sauti cha mpira bila kuacha kazi ya forodha

Ukitaka kujua watu walitamani kuwa nini, kaa na mawakala wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, usiku ambao sistimu ya kompyuta ya forodha imegoma. Mpaka haufungwi, malori yanapita saa ishirini na nne, na kampuni nyingi za kutoa mizigo huweka mtu wa zamu ya usiku. Sistimu ikikwama hakuna kazi inayoendelea. Chai inaletwa, na mazungumzo hayakawii kufika palepale: kama si hii kazi, ningekuwa nani?

Mwenzangu mmoja ni mzaliwa wa Soroti, karibu na chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Amekua akitazama vindege vya wanafunzi vikizunguka juu ya shamba la mihogo la bibi yake. Mpaka leo ndege ikipita juu ya ofisi, yeye huinua kichwa kabla sisi hatujasikia kitu. Ada ya chuo kile haikuwa ya kulipwa na mkulima wa mihogo. Mama mwingine, ambaye ndiye aliyenifundisha kujaza entri, yaani tamko la mzigo, alitaka uuguzi. Alipofika S5, kidato cha tano, shule yake haikuwa na maabara, akapangiwa HEG, yaani historia, uchumi na jiografia, na njia ya wodini ikafungwa akiwa bado msichana.

Mimi nilitaka kutangaza mpira redioni. Kwa Kiswahili.

Nimelelewa Tororo, kwenye kota za reli. Baba Mteso, mama Msamia, na Kiswahili ndicho walichokutania, kwa hiyo ndicho tulichokula na kulalia nyumbani. Kenya iko karibu, na KBC, redio yao ya taifa, ilikuwa ikiingia vizuri. Siku ya mechi baba aliweka redio dirishani ikitazama nje, na majirani wakasimama uani kumsikiliza mtangazaji wao, Leonard Mambo Mbotela. Mzee yule alipofariki Februari 2025 nilimpigia baba simu, na tukakumbushana sauti ile mpaka salio likaisha. Kilichonishika utotoni hakikuwa umaarufu wake. Ni kwamba mtu aliyekaa uwanjani Nairobi aliweza kunionyesha mimi, niliyekaa juu ya debe Tororo, kwamba mpira uko upande wa kulia, umekaribia kibendera cha kona, na beki amechelewa. Nilimwona beki yule. Nilitaka kuwafanyia watu hivyo.

Lakini kazi ile haikuwa na mlango niliouona. Sikuwahi kusikia mwanamke akitangaza mechi, na shuleni hakuna aliyeweza kuniambia ianzie wapi. Baba alipostaafu, mimi mkubwa nikawa wa kutegemewa. Nikasoma uhasibu, nikachukua cheti cha uwakala wa forodha, nikaingia Malaba. Ni kazi halali, imesomesha wadogo zangu, na naiheshimu. Ilipoanza himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki mwaka 2014, kodi ikawa inalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, na wengi wetu mpakani tukakosa cha kufanya. Waliobaki ni waliojua kuandika tamko lisilorudishwa. Nami nilijifunza kuandika hivyo.

Nalisema hili kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana. Tamko la forodha ni maelezo ya kitu ambacho msomaji wake hakioni. Kontena limefungwa, sili ipo, na ofisa anataka kujua ndani mna nini: bidhaa gani, ya kitu gani, kwa matumizi gani, ngapi, uzito gani. Ukiandika “vipuri” tu, inarudi. Ukiandika pampu ya maji ya injini ya lori, ya chuma, mpya, inapita. Miaka yote niliyodhani iko mbali na redio, nilikuwa nazoeza ulimi kutaja kitu kwa ukamilifu na kwa maneno machache.

Januari 2022 mambo yakajiunga. Mwezi ule madereva walikuwa wamegoma kwa sababu ya malipo ya kipimo cha Covid mpakani, dola 30 kwa kila mtu, na foleni ya matrela ikanyooka kilomita nyingi upande wa Kenya. Malipo yakasimamishwa, foleni ikaanza kupungua, lakini madereva bado walikuwa wamejaa mjini. Tarehe 24, siku ileile kafyu ilipoondolewa Uganda, Komoro walikuwa wanacheza na Kameruni kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, saa nne usiku kwa saa zetu. Nilitoka zamuni mara moja kutazama kipindi cha kwanza kwenye kibanda cha video karibu na maegesho. Kibanda kilikuwa kimefurika, televisheni ndogo, jenereta inanguruma, sauti ya mtangazaji haisikiki kabisa. Mlangoni alisimama dereva mmoja mzee wa Mombasa, haoni chochote ila migongo ya watu.

“Dada, wewe uko mbele. Hebu tuambie kunaendaje huko.”

Nikaanza. Sikupanga, nilimjibu tu mzee. Komoro hawakuwa na golikipa. Mmoja alikuwa ameumia kwenye mechi ya Ghana, wengine wawili walikutwa na Covid, na langoni wakamweka Chaker Alhadhur, beki wa kushoto. Dakika ya saba nahodha wao akapewa kadi nyekundu. Kumi kwa kumi na moja, beki langoni, dhidi ya wenyeji. Nikataja mpira uko wapi, uko kwa nani, beki yule anausukuma kwa viganja, anaanguka nao, anainuka. Watu wa mlangoni wakanyamaza, na wa ndani pia wakanyamaza ili wa mlangoni wasikie. Kameruni wakafunga, baadaye wakaongeza la pili. Sikurudi ofisini kipindi cha kwanza kilipoisha. Mwenzangu wa Soroti alinishikia zamu. Dakika za themanini Youssouf M'Changama akaweka mpira chini kwa friikiki, mbali sana na lango. Nikahesabu hatua zake kwa sauti. Ulipoingia wavuni, yule mzee aliyekuwa haoni kitu alikuwa ameshapiga kelele pamoja na walio mbele.

Ikaisha 2 kwa 1, Komoro wakatoka. Usiku huohuo tukasikia kwamba watu wanane walikuwa wamekufa kwenye msongamano mlangoni mwa uwanja wa Olembe kabla ya mechi, na furaha ikakatika. Tulikaa kimya muda mrefu. Mzee aliponiaga aliniuliza, “Dada, kazi yako hasa ni ipi?” Nikamwambia forodha. Akatikisa kichwa, akaenda kulala kwenye lori lake.

Sikuacha kazi kesho yake, na sidhani mtu mwenye watoto shuleni anapaswa kufanya hivyo. Kwenye chai zetu za usiku nimesikia mara nyingi kazi ya ndoto ikizungumzwa kana kwamba iko ng'ambo ya mto na ni lazima uchome mtumbwi wako kwanza ndipo uifikie. Mimi niliuliza swali dogo zaidi: ndani ya kazi ile, ni tendo gani hasa ninalolitaka? Jibu lilikuwa kumweleza asiyeona mechi inayoendelea. Tendo hilo halihitaji kibali cha mtu. Kila Jumamosi kuna mechi kwenye uwanja wa shule fulani.

Nikaanza kwenda na simu na kujirekodi. Kusikiliza rekodi ndiyo shule yenyewe. Nilisikia kwamba napenda kusema hisia kabla ya kusema mahali: “jamani, hatari hii!” na msikilizaji hajui hatari iko wapi. Nikajiwekea utaratibu wa kusema mahali kwanza, mtu pili, tendo tatu, na kelele baadaye. Pia matokeo na dakika yarudiwe mara kwa mara, kwa sababu daima kuna aliyefungua redio sasa hivi. Upepo ulikuwa adui, nikakata kipande cha sponji ya godoro na kukivika kipaza sauti cha waya wa masikio, kikafungwa kwa uzi. Bado nakitumia.

Majina ni kazi ya pekee. Mechi za huku jezi hazina majina, na wakati mwingine wachezaji wawili wamevaa namba moja. Nafika saa nzima mapema, naenda kwenye benchi, nasalimia kocha, naomba orodha, halafu namfuata kila mchezaji anitajie jina lake kwa kinywa chake. Timu moja ilikuwa na akina Okello watatu. Nikawauliza nyumbani mnaitwaje, nikapata majina ya utani, na nikawaandika kwa rangi za viatu vyao. Kijana akitajwa redioni, mama yake atasikia. Siwezi kuliharibu jina lake.

Kituo cha kwanza cha FM nilichoenda, meneja alikuwa muungwana lakini hakuzunguka. “Kiswahili hapa nani atasikiliza? Watu wanataka Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia.” Hili nilikuwa nimelitarajia. Uganda Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 serikali ikapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wapo wengi ambao bado wakikisikia wanakumbuka askari wa zamani na vizuizi vya barabarani. Sikubishana naye juu ya katiba. Nikamhesabia wasikilizaji: madereva wanaolala Malaba kila usiku, wachuuzi wanaovuka kwenda na kurudi, kambi ya Rubongi pale Tororo ambako Kiswahili ndicho cha kazi, na familia kama yetu ambazo baba na mama hawana lugha nyingine ya pamoja. Hao wote wananunua kitu. Akasema basi, leta mdhamini.

Hapo forodha ilinibeba tena. Mwenye duka la vipuri vya matrela, ambaye nimemtolea mizigo miaka mingi, alijua nikisema jambo nalitimiza. Akakubali kulipia nusu saa ya Jumamosi jioni, jina la duka litajwe mwanzo, katikati na mwisho. Mimi nikabaki na nauli na vocha za simu. Kwa anayetaka kuingia redio za mikoani nasema wazi: mara nyingi sauti nzuri haitoshi, utaulizwa tangazo. Andaa jibu kabla hujabisha hodi.

Kazini nilifanya jambo moja ambalo naona ndilo lililookoa yote. Nilimwandikia bosi barua fupi: Jumamosi mchana nipumzike, na badala yake nichukue usiku wa Jumapili na wa sikukuu, zamu ambazo hakuna anayezigombania. Niliiandika kama pendekezo la kazi, nikaonyesha nani atakuwa mezani kila saa. Akalisoma, akasema sawa, ila mzigo ukikwama Jumamosi simu ishikwe. Nashika. Nimewahi kusahihisha kodi ya bidhaa wakati wa mapumziko ya mechi, daftari la wachezaji goti moja na ankara goti jingine.

Baada ya muda kituo kikanituma uwanja wa King George, Tororo, Bukedi wakicheza FUFA Drum, yale mashindano ya majimbo. Hapo ilikuwa moja kwa moja kupitia simu, mechi nzima, wawili tukipokezana. Baba alikuwa nyumbani na redio. Sikumuuliza ameweka wapi. Dada yangu ndiye aliyenitumia picha, iko dirishani, inatazama nje, na majirani wapo.

Agosti 2025 nilinunua tiketi nikaenda uwanja wa Namboole, Kampala, mechi ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, dhidi ya Afrika Kusini, ile ya 3 kwa 3 ambayo Cranes, timu yetu ya taifa, walisawazisha mwishoni kwa penalti. Sikuwa na kipaza sauti, nilikuwa shabiki jukwaani. Pembeni yangu alikaa kijana asiyeona, ameletwa na kaka yake, na kaka akizidiwa na msisimko anasahau kumweleza. Nikamuomba ruhusa, nikamtangazia kipindi cha pili chote sikioni. Penalti ya mwisho nilimwambia mpigaji amesimama wapi, kipa anacheza na mikono, refa ameweka kipenga mdomoni. Aliruka kabla uwanja haujaruka.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja kwetu Uganda, pamoja na Kenya na Tanzania, na kwa wingi wa watu wa nchi hizi tatu mechi zile zitasikilizwa kwa Kiswahili. Nimeanza kutuma rekodi zangu kwa vituo vya Kampala. Kimoja kimejibu, kimetaka mechi nzima bila kukatwa, na nimeiandaa. Mwenzangu wa Soroti naye ameanza kwenda Entebbe siku za likizo kuulizia kozi za kupanga safari za ndege, kazi inayofanyika ardhini, kwenye uwanja wa ndege, ambayo ada ya kuisomea anaiweza. Tumepanga zamu zetu zisigongane. Jumamosi hii nina mechi ya vijana Busia, saa tisa, na usiku wa Jumapili niko mezani.