Miche 62 tunaijua, babu zetu je?

Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi baada ya Alasiri, wazee wa Pangani hukaa barazani kusimulia habari za mji. Mikeka hutandikwa, dele la kahawa huletwa na kashata. Mimi naishi ng'ambo ya mto, Bweni, kwa hiyo huwahi pantoni nipate pa kukaa mbele.

Mara mbili za mwanzo tulikuwa na habari za Abushiri bin Salim: bendera ya kampuni ya Wajerumani iliyopandishwa hapa Agosti 1888, watu wakaikataa, vita vikaenea pwani, mpaka aliponyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hayo hata watoto wanayajua.

Safari hii zamu ilikuwa ya mkonge. Mwalimu mmoja mstaafu alianza na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na mwaka 1893 iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikokwe, upande wetu wa mto. Mzee mmoja akadakia kwamba miche ilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa, na yeye kaisikia kwa baba yake. Mwalimu akasema hiyo ni ngano. Wakabishana hadi dele likajazwa tena. Ndiyo maana nalipenda baraza: neno lako litapingwa mbele yako, na kikombe mtapokezana.

Kisha mama mmoja aliyekaa mlangoni akauliza, "Miche mmeihesabu mmoja mmoja. Na waliokuwa wakiukata huo mkonge, mnawajua kwa majina?"

Pakawa kimya. Nilijikuta nasema, ingawa mbele ya wazee huwa nasikiliza tu. Babu yangu alikuwa Mngoni. Aliletwa kutoka Songea na SILABU, ofisi iliyowakusanyia wenye mashamba ya mkonge vibarua. Watu kama yeye waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza fungu lako haikutiwa alama. Bibi husema jioni alikuwa akimtoa babu miiba mikononi kwa sindano, kwenye mwanga wa koroboi. Babu alifariki mimi nikiwa shule ya msingi. Sikumuuliza namba yake, wala alikuja na nani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mzee mmoja aliyekuwa hajasema kitu tangu tukae akaanza taratibu. Yeye alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge itoke singa. Akawataja wenzake: Mmakonde, Muha, Mrundi, Mbena. Makabila yalimjia upesi. Majina ya watu yalichukua muda. Alifumba macho, akagonga goti kwa kidole, likaja moja, baadaye jingine. Hakuna aliyemharakisha. Nilitoa daftari nikaandika manne, na la tano nusu, maana aliikumbuka herufi ya kwanza tu.

Usiku nilimpigia simu bibi yangu, yuko Muheza. Nilipomaliza shikamoo nikamuuliza babu alipanda lori na nani. Alinitajia wawili palepale, na kijiji cha mmoja wao. Wa tatu, akasema, nimpe mpaka kesho.