Ninavyoilinda hoja ya Katiba mahakama ya shirikisho inapoliachia jimbo nafasi

Unapopinga sheria ya jimbo la Marekani kwa Katiba ya nchi, jaji wa shirikisho anaweza kukataa kuamua kwanza. Mimi huuliza: anakataa kwa kanuni ipi?

Kama jimbo limeshamshtaki mteja kwa jinai, hiyo ni kanuni ya shauri la Younger v. Harris la 1971. Ombi la zuio, yaani amri ya kusimamisha mashtaka hayo, kwa kawaida hufutwa, na hoja ya Katiba hutolewa hukohuko jimboni. Kuwahi kufungua si kinga: tangu Hicks v. Miranda ya 1975, mashtaka yakija baada yako lakini kabla jaji wa shirikisho hajaingia kwenye kiini cha shauri, bado unatolewa.

Kazi nzito iko kwenye kanuni ya Pullman ya 1941, iliyotokana na shauri la kampuni ya mabehewa ya kulala. Tume ya reli ya Texas iliamuru mabehewa ya kulala yasimamiwe na makondakta, waliokuwa Wazungu, badala ya wahudumu Weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliona haijulikani kama sheria ya Texas iliipa tume mamlaka hayo. Mahakama za Texas zikijibu swali hilo, huenda suala la Katiba lisifikiwe kabisa. Hapa shauri la shirikisho kwa kawaida husimamishwa tu, mpaka mahakama ya jimbo ieleze sheria yake.

Ukienda jimboni ukanyamaza kuhusu Katiba, umekosea: shauri la Windsor la 1957 linataka mahakama ya jimbo ielezwe hoja hiyo ili isome sheria yake ikiijua. Ukiomba iiamue, umepoteza nafasi ya kurudi nayo mahakama ya shirikisho. Kwa hiyo mwanzoni kabisa mwa hati ya madai ya jimboni naweka aya ya kuhifadhi hoja, haki iliyotambuliwa na England v. Louisiana mwaka 1964: nataja namba ya shauri la shirikisho, naeleza hoja ya Katiba, natamka kwamba haiwasilishwi kuamuliwa na kwamba mteja atarudi nayo.

Aya hiyo peke yake haitoshi. Wenye San Remo Hotel, hoteli ya San Francisco, California, walihifadhi hoja yao, kisha wakabishania mambo mapana kuliko waliyotumwa kuuliza. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikasema uamuzi wa mahakama za California unawabana hata katika mahakama ya shirikisho. Ndiyo maana kila hati inayofuata, hasa ya rufaa, naisoma upya nikitafuta sentensi moja tu: ile inayoomba nafuu chini ya Katiba ya Marekani. Naifuta.

Jimbo likipokea maswali kutoka mahakama ya shirikisho, naomba njia hiyo kwanza. Swali la sheria ya jimbo huenda moja kwa moja kwa mahakama yake ya juu, bila kufungua shauri jipya ngazi ya chini.